KURUKA PAMOJA: SHERIA CHACHE NDIZO ZINALINDA UHURU



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuzungumuza juu ya kaske, vumbi la shimoni, maji safi na chanjo za watoto. Leo somo letu linatoka mbali kidogo. Linatoka hewani, mita 4000 juu ya udongo, kwa watu wanaoruka toka ndani ya ndeke kwa mapenzi yao wenyewe, bila vita na bila mushahara. Vijana wengi wamewaona kwenye televizioni ao kwenye telefone, wakigeukageuka angani kama samaki ndani ya maji. Wanauliza: "Wale hawana kapita? Kila mutu anafanya anavyotaka?"

Jibu ni hili: kapita yuko, sheria ziko, na ndiyo sababu wengi wao wanarudi nyumbani wazima. Tusome pamoja namna wanavyofanya, maana ulizo lao ni ulizo la kila kazi ya kikundi: uhuru uende mpaka wapi, na sheria ianzie wapi?

PARASHUTI TUNAYOIJUA, NA ILE INGINE

Wazee wa Kolwezi hawana haja ya kuelezwa parashuti ni nini. Tarehe 19 Mei 1978, katika siku zile za kilio, waliona askari wa Lejio ya Ufaransa wakishuka juu ya muji. Askari wa namna ile anaruka toka kimo kidogo, mita mia chache tu. Kamba iliyofungwa ndani ya ndeke inavuta parashuti yake na kuifungua mara moja. Hana wakati wa kucheza hewani: anaruka kwa amri, anashuka, anakimbilia kazi yake.

Warukaji wa muchezo wanafanya namna ingine. Wanapanda mpaka mita 4000 hivi, wanatoka kwenye mulango wa ndeke, na parashuti inabaki imefungwa mugongoni. Wanaanguka karibu dakika moja bila kuifungua. Dakika ile ndiyo muchezo wenyewe. Wakifika karibu na mita 1000, kila mutu anafungua parashuti yake na kushuka polepole.

Kwa miaka mingi walianguka tumbo likitazama chini, mikono na miguu wazi. Mwili ukilala hivi unashika hewa nyingi, na mbio yake inakuwa km 190 hivi kwa saa. Kisha, katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, Mudachi mumoja, Olav Zipser, pamoja na wenzake walianza kutafuta namna zingine: kukaa hewani kama mutu aliyekaa juu ya kiti, kusimama wima, kugeuka kichwa chini miguu juu, kuzungukana. Muchezo huo unaitwa friflai, maana yake kuruka kwa uhuru. Zipser na wenzake walijiita FreeFly Clowns, yaani wachekeshaji, kwa kuonyesha kama walikuja kucheza, si kupiga mustari kama askari.

Lakini hewa haijui mucheko. Tuone kwa nini.

HATARI INATOKA WAPI?

Ukiweka mukono nje ya dirisha la gari (na mutoto wako usimuache afanye hivyo), utasikia mambo mawili. Kiganja kikitazama mbele, upepo unausukuma mukono nyuma kwa nguvu. Ukiugeuza mukono ukate upepo kama kisu, nguvu inapungua. Mwili wa murukaji ni vile vile. Akilala juu ya tumbo, ni kiganja. Akigeuka kichwa chini, ni kisu. Mbio yake inatoka km 190 na kufika km 250 kwa saa, ao kupita hapo.

Tufanye hesabu. Km 250 kwa saa ni karibu mita 70 kwa kila sekunde moja. Mutu anayefika mita 1500 na mbio hiyo, bila kufungua parashuti, anagonga udongo baada ya sekunde 21 hivi. Huo ni wakati wa kuvaa viatu na kufunga kamba zake. Hakuna zaidi.

Sasa weka watu wanne karibu karibu, wote kichwa chini, wote km 250 kwa saa. Wakitazamana, wanajiona kama wamesimama tu. Wanaweza kushikana mikono na kucheka. Lakini mumoja wao akipoteza usawa na kufunguka juu ya tumbo, mbio yake inarudi km 190 kwa muda mufupi sana. Wenzake wanaendelea chini. Yeye anaonekana kupanda juu, kama kibuyu kikavu ulichokizamisha ndani ya ndoo ya maji na kukiacha ghafula. Kama kuna mutu juu yake, wanagongana. Tofauti ya mbio zao ni km 60 kwa saa. Kila mutu wa kambi anajua kamio ya km 60 inafanya nini ikimugonga mutu.

Angalia neno hili vizuri, maana somo lote liko hapa. Aliyekosa usawa anaweza kuumia, ndiyo. Lakini yule wa juu hakukosa kitu. Alishika nafasi yake, alifwata mupango, na ndiye anavunjika shingo. Katika kikundi, kosa la mumoja linalipwa na jirani yake.

SHERIA TANO AMBAZO HAZICHEZEWI

Warukaji wazoefu wamejiwekea sheria. Vitabu vyao viko vingi, lakini kwa kikundi cha friflai tunaweza kuzikusanya katika tano.

1. Vyombo vinakaguliwa mara tatu. Murukaji anakagua parashuti kabla ya kuivaa, tena kabla ya kuingia ndani ya ndeke, na mara ya tatu kabla ya kutoka. Kwa kuwa hawezi kuona mugongo wake mwenyewe, mwenzake anamuangalilia: pini iko mahali pake? Vishikio viko? Mikanda ya mapaja imekazwa? Katika friflai upepo unapita toka kila upande, na kitambaa kilicholegea kinaweza kuvutwa inje. Parashuti ikifunguka mutu akiwa km 250 kwa saa, mushituko unaweza kumuvunja, na aliye juu yake hana wakati wa kumukwepa.

2. Kila kikundi kinatoka kwa zamu yake. Wanaolala juu ya tumbo wanatoka mbele. Wa friflai wanafwata nyuma. Sababu ni upepo: wenye kuanguka polepole wanakaa ndani ya upepo muda murefu, na upepo unawapeleka mbali zaidi. Wakitoka wa kwanza, upepo unawaondoa mbali na vikundi vinavyofwata. Katikati ya kikundi na kikundi wanahesabu sekunde ili ndeke isogee. Na kikundi cha friflai hakiendi mbele wala nyuma kwenye njia ya ndeke, maana huko ndiko vikundi vingine viko. Kinakaa pembeni ya njia ile.

3. Kimo cha kuachana kinaamuliwa udongoni. Mara nyingi ni mita 1500 hivi, ao juu zaidi kama watu ni wengi. Kila murukaji ana chombo cha kimo kwenye mukono, na wengi wana kingine kinacholia ndani ya kaske karibu na sikio. Kimo kikifika, muchezo umekwisha. Hata kama walibakiza kidole kimoja washikane, umekwisha. Kila mutu anageuka upande wake, anateleza mbali na wenzake, anaangalia juu na pembeni, anapunga mikono kama alama, ndipo anafungua. Katika Marekani, chama cha warukaji kinachoitwa USPA kimeweka kimo cha mwisho cha kufungua: mita 900 hivi kwa wapya wenye leseni ya kwanza, na mita 760 hivi kwa wenye leseni za juu.

4. Hakuna kufungua mwili ghafula. Anayesikia kama anapoteza usawa anafundishwa kujikunja na kushika mbio ya wenzake, halafu kutoka pembeni polepole. Asijitandaze juu ya tumbo.

5. Kikundi kinapimwa na aliye na uzoefu mudogo. Kama watatu ni wafundi na mumoja ni mupya, mupango unakuwa wa yule mupya. Kama hawataki mupango huo, hawamupeleke.

Ni sheria tano tu. Kila moja imeandikwa kwa sababu kuna watu waliumia.

KATIKATI, UHURU

Sasa tazama sheria hizo zimewekwa wapi. Ziko mwanzoni, kwenye vyombo na mulango. Ziko mwishoni, kwenye kuachana na kufungua. Ziko juu na chini ya kila mutu, mahali jirani anaweza kugongwa. Ni kama lupango kuzunguka shamba. Ndani ya lupango, zile sekunde 40 ao 45, warukaji wanaweza kufanya mengi: kugeuka, kukaa, kusimama, kubadilishana nafasi, kushikana miguu na mikono, kuzunguka mwenzao kama mwezi unavyozunguka dunia.

Wazoefu wanajua namna mbili za kuharibu jambo hilo.

Namna ya kwanza ni kutokuwa na mupango. Watu watano wanasema: "Tutaonana huko huko hewani." Baada ya sekunde kumi mumoja yuko juu, wengine wako chini, mwingine amekwenda upande wa ndeke. Hakuna aliyecheza na mwenzake. Tena kimo cha kuachana kikifika, hakuna anayejua mwenzake yuko wapi, na anafungua parashuti akiomba Mungu tu. Walitaka uhuru wote, na hawakupata hata ule mudogo.

Namna ya pili ni mupango muzito kupita kiasi. Kiongozi anaandika mageuzi kumi na mawili kwa sekunde 40. Kila mutu anahesabu ndani ya kichwa: "Sasa la saba, sasa la nane." Macho yanabaki kwenye nafasi yake tu. Anasahau kimo, anasahau jirani. Sheria nyingi zimekula akili ambayo ingepashwa kulinda zile tano.

Kiongozi muzuri anachagua mambo machache, anaacha nafasi kati yao, na anaweka mutu mumoja awe nguzo. Kazi ya nguzo ni kushika mbio moja na upande mumoja, wima kama muti, bila kucheza. Wengine wote wanamuangalia yeye kwa kujua wako wapi, na wanacheza kumuzunguka. Mutu anayekuwa nguzo ameacha uhuru wake kwa sekunde 40 ili wengine wapate wao. Katika muruko unaofwata wanabadilishana, na yeye anacheza. Vijana wengi hawapendi kuwa nguzo, kwa kuwa hakuna anayewapigia mikono. Lakini ukiuliza warukaji wa zamani ni nani wanayependa kuruka naye, watakuambia: yule anayejua kukaa mahali pake.

Hata katika mashindano ni hivyo. Kikundi cha friflai kwenye mashindano ya shirikisho la dunia la michezo ya anga, FAI, kina watu watatu: wawili wanacheza, wa tatu anapiga picha, na waamuzi wanahukumu kwa kuangalia picha zile. Raundi zingine ni za lazima: mambo yanayopashwa kufanywa yamewekwa, na kila kikundi kinafanya yale yale. Raundi zingine ni za hiari: kila kikundi kinaonyesha yale kilichobuni chenyewe. Kikundi kisichoweza ya lazima hakishindi, na kikundi chenye kujua ya lazima tu hakishindi vile vile.

MUTU MUPYA, NA NENO "HAPANA"

Hakuna anayeanza na friflai. Katika Marekani, mutu anapashwa kuruka mara 25 kwa uchache mbele ya kupata leseni ya kwanza ya USPA, na miruko ile ni ya kujifunza kulala juu ya tumbo, kuangalia kimo, kufungua na kushuka vizuri. Ndipo anaanza kujifunza kukaa hewani, na anajifunza akiwa peke yake. Kwa nini peke yake? Kwa sababu mutu anayejifunza ataanguka toka kwenye kiti chake cha hewa mara nyingi, na mbio yake itabadilika ghafula. Akiwa peke yake, hamugongi mutu. Akiweza kushika mbio na kimo, anaruka na mwalimu mumoja. Wawili wakiweza, wanakuwa watatu. Haraka haraka haina baraka, tulifundishwa tukiwa watoto, na hewani neno hilo linapimwa kwa mifupa.

Tena kuna neno moja ambalo mupya anafundishwa kulitumia: hapana. Kama mupango haumuingii, aseme hapana. Kama alilala vibaya, hapana. Hata kama amekwisha kufika kwenye mulango wa ndeke na anaona mukanda haukai sawa, ao mawingu yamefunika chini, anaweza kukaa na kurudi udongoni pamoja na rubani. Mahali pazuri pa kurukia panajulikana kwa jambo hili: mutu akirudi na ndeke, hakuna anayemucheka. Kiongozi anayemucheka amefundisha kikundi kizima kuficha woga, na woga uliofichwa ndio unaotoka hewani wakati mubaya.

MWILI UNASEMA NINI?

Kama mutu wa lupitalo, siwezi kupita hapa bila kusema juu ya mwili.

Mutu akiruka, mwili unamwaga dawa yake yenyewe ndani ya damu, ile ya woga na ya vita. Moyo unapiga mbio, misuli inakazana, mikono inatoka jasho. Ni musaada, lakini una ubaya wake: macho na akili vinashika kitu kimoja na kuacha vingine. Murukaji anaona mukono wa mwenzake anayetaka kuushika, na haoni tena chombo cha kimo. Wakati unaonekana mufupi ao murefu kuliko ulivyo. Kwa hiyo kimo cha kuachana hakiamuliwi hewani. Kinaamuliwa udongoni, moyo ukiwa umetulia, na wanarudia mupango kwa miguu wakitembea juu ya majani, mara mbili, mara tatu, mpaka mwili uujue hata akili ikijazwa.

Masikio nayo yana neno. Toka mita 4000 kufika chini, uzito wa hewa unabadilika upesi. Mutu mwenye mafua na pua iliyoziba anaweza kupata maumivu makali, hata ngozi ya ndani ya sikio ikapasuka. Dawa ni rahisi: abaki udongoni mpaka apone.

Pombe ya jana inabaki katika damu asubuhi, hata kama kichwa hakiumi. Usingizi mufupi unapunguza mbio ya akili. Mutu wa namna hiyo anachelewa sekunde moja kujibu, na tumekwisha hesabu sekunde moja ni mita ngapi.

Na juu zaidi, hewa inakuwa nyepesi. Sheria ya Marekani inaomba kila mutu aliye ndani ya ndeke apewe hewa ya oksijeni wakipita mita 4570 hivi. Mutu anayekosa oksijeni hasikii maumivu. Anasikia raha, anacheka, anafikiri yeye ni hodari kuliko siku zote. Watu wetu wa shimoni wanapashwa kukumbuka: hewa mbaya haileti kelele.

CHOMBO HAKICHUKUI NAFASI YA AKILI

Mwaka 1991 Mudachi Helmut Cloth alileta chombo kinachoitwa Cypres. Ni sanduku dogo ndani ya mufuko wa parashuti. Likiona mutu angali anaanguka na mbio kubwa akiwa mita 225 hivi tu juu ya udongo, linafungua parashuti ya akiba lenyewe. Chombo hicho na vingine vya namna yake vimeokoa watu wengi. Lakini hakijui kama kuna mwenzako juu yako. Hakizuii kugongana. Kinasaidia siku ambapo mambo mengine yote yamekwisha kuharibika.

Mwamerika Bill Booth, fundi mukubwa wa vyombo vya parashuti, alisema jambo ambalo warukaji wanalirudia mpaka leo: vyombo vikizidi kuwa vizuri, watu wanazidi kujitia hatarini, mpaka hesabu ya vifo inabaki pale pale. Kwa bahati njema hesabu imepungua. Katika miaka ya 1970, vifo vya warukaji katika Marekani vilipita 40 kwa mwaka kwa wastani. Mwaka 2021 USPA ilihesabu vifo 10, kwa miruko zaidi ya milioni tatu na nusu. Vyombo vilisaidia, na mafundisho pia. Hata hivyo neno la Booth lingali na ukweli wake: sehemu kubwa ya ajali mbaya za leo zinafika wakati parashuti imekwisha kufunguka vizuri. Mutu ametoka katika hatari kubwa, akili inalegea, anataka kuonyesha mageuzi ya mbio karibu na udongo, na anagonga. Wasimamizi wa zamu wanajua jambo hilo: ajali inapenda saa ya kurudi nyumbani.

Kuna pia habari ya Mufaransa Patrick de Gayardon. Alikuwa mumoja wa warukaji wakubwa wa dunia, mutu aliyefungua njia nyingi mupya za kuruka. Tarehe 13 Aprili 1998, huko Hawaii, alikufa. Alikuwa amefanya mabadiliko kwenye mufuko wa parashuti yake mwenyewe, na mabadiliko yale yakazuia parashuti kufunguka sawasawa. Hatusemi hivi kwa kumushitaki marehemu. Tunasema kwa kuwa yeye alikuwa fundi, alikuwa na maelfu ya miruko, na uzi wa shono haukuuliza alikuwa nani. Chombo kilichobadilishwa kinapashwa kuangaliwa na macho mengine mbele ya kutumiwa, hata kama aliyekibadilisha ni mwalimu wa walimu.

WATU 164, KICHWA CHINI

Mutu anaweza kusema: "Sheria hizi zitaua furaha ya muchezo." Tumuonyeshe mufano mumoja.

Tarehe 31 Julai 2015, juu ya muji wa Ottawa, katika jimbo la Illinois, Marekani, watu 164 toka inchi nyingi walishikana hewani, wote kichwa chini, wakafanya kama ua kubwa lililofunguka angani. Ilikuwa rekodi ya dunia. Ile ya mbele yake, ya mwaka 2012, ilikuwa ya watu 138. Waliruka toka ndeke kadhaa zilizokwenda pamoja, toka kimo kikubwa kuliko kile cha kila siku. Ua lile lilikaa sekunde chache tu.

Walijaribu mara 12 bila kufaulu. Waliweza mara ya 13.

Fikiri juu ya zile mara 12. Kila mara watu 164 walikosa kidogo tu: mumoja alichelewa, mwingine alikuja na mbio nyingi, mwingine hakufikia mukono wa mwenzake. Na kila mara kimo cha kuachana kilipofika, waliachana. Hakuna aliyesema: "Tungojee sekunde mbili, tunakaribia." Kama wangengojea, huenda ua lingekamilika mapema, na huenda watu wangegongana na kufa. Waliacha rekodi mara 12, na kwa sababu hiyo walikuwa wazima wote kwa kuifanya mara ya 13. Uhuru ule mukubwa, watu 164 kama ndege wa kundi moja, ulitoka kwa watu waliojua kuacha saa ikifika.

NA SISI?

Sisi hatuna parashuti. Lakini brigadi iliyo shimoni ni kikundi kinachofanya kazi juu na chini ya kila mumoja, kama wale. Jiwe lililolegea ambalo wewe hukuliangusha litaanguka juu ya anayekufwata. Mulango wa hatari ulioacha wazi ataupita mutu wa zamu ingine. Baruti haiulizi nani alikuwa na haraka.

Kwa hiyo tuchukue mambo matatu kwa warukaji. La kwanza: sheria za uzima ziwe chache, kila mutu azijue kwa kichwa, na zisichezewe hata dakika ya mwisho. La pili: ndani ya sheria hizo, mutumishi aachiwe akili yake na ufundi wake, maana mutu anayeamriwa kila kidole anaacha kuangalia. La tatu: anayesema "hapana, si salama" asikilizwe, na asichekwe.

Nanyi mama, musomeeni watoto somo hili. Kijana wa kambi anayeona wale angani na kutaka kuwa kama wao hakosi. Mumwambie tu kama mbele ya kuruka wanakaguana mugongo.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani ao kazini mbele ya zamu:

– Katika kazi yetu, ni sheria gani tano ambazo hazichezewi? Kila mumoja anaweza kuzitaja bila kusoma?
– Nani katika kikundi chetu ni nguzo, na tunabadilishana naye?
– "Kimo cha kuachana" chetu ni kipi: alama gani inatuambia tuache kazi mara moja, hata kama imebaki kidogo?
– Mutu wa mwisho aliyesema hapana, tulimujibu namna gani?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole viwili vinavyogongana vibaya vinavunjana vyenyewe. Mwende kazini salama, na murudi salama.